Acheni Kutusifu kwa Taka

Picha hiyo umeiona. Mvulana amesimama kando ya barabara ya vumbi, mkononi ameshika usukani wa waya mrefu kama fimbo, na mbele ya miguu yake kuna lori dogo la waya na mabati. Watu wameipitisha kutoka simu hadi simu. Chini yake wameandika: talanta! Injinia wa kesho! Serikali iko wapi? Mwingine anasema kijana huyu amegeuza taka kuwa dhahabu. Makofi, mioyo, mikono ya kuomba. Kufikia jioni picha imesahaulika, na wiki inayofuata inakuja nyingine, mvulana mwingine, lori jingine, makofi yale yale.

Sasa soma maoni hayo yote kuanzia juu hadi chini. Hutampata hata mmoja anayesema kwamba ekseli ya nyuma imesogezwa mbele kupita kiasi. Hakuna anayeuliza hilo ni lori gani hasa, Isuzu au Fuso, na kama ni Isuzu, mbona kichwa chake kimekuwa kirefu namna hiyo. Hakuna anayeuliza limeundwa kwa skeli gani. Kazi imesifiwa na umati mzima, na katika umati huo hakuna aliyeitazama.

Mimi huunda vigari. Matatu hasa. Nilianza na za waya kama watoto wengi wa rika langu, siku hizi naunda za kadibodi na plastiki. Na kwa niaba yangu na ya wenzangu ambao hawakunituma, nasema hivi: sifa ya aina hiyo ni kutupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Tusifiwe kwa kazi, tukosolewe kwa kazi. Mkitusifu kwa taka, mnausifu umaskini wetu, na umaskini haujawahi kuwa ufundi.

Hebu tulitazame neno lenyewe, taka. Waya wa kufungia nondo ni waya tu, uwe umenunuliwa hadiweya au umeokotwa kwenye mjengo. Mkebe wa mafuta ya kupikia ni bati jembamba linalokatika kwa makasi na ambalo tayari limepakwa kinga ya kutu. Slipa kuukuu ni mpira wenye unene ulio sawa kila mahali. Unaukata kwa wembe, unatoa duara, na gurudumu linazunguka bila kurukaruka. Katoni ya maziwa ya muda mrefu ina karatasi, plastiki na foili zilizoshikanishwa pamoja, kwa hiyo hukunjika bila kupasuka na hailowi haraka. Mtoto anayechukua vitu hivi amekwisha kujaribu vingine akavitupa. Amejaribu karatasi ya daftari, ikalowa. Amejaribu chupa ya plastiki, ikakataa gundi. Alichobaki nacho mkononi amekichagua. Chuo kikuu, uchaguzi huo ni somo zima na watu huulipia karo. Kwetu unaitwa kuokota.

Linganisha na Japani. Kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka ilianza mwaka 1946 kama biashara ya mbao, ikaingia kwenye modeli za mbao, halafu za plastiki. Miaka ya 1970, walipotaka kuunda modeli ya Porsche, Shunsaku Tamiya alinunua Porsche 911 halisi, akaifungua kipande kwa kipande ili waone kilichojificha chini ya bodi. Gari zima, la pesa nyingi, lilifunguliwa kwa sababu ya gari dogo. Leo modeli zao zinasifiwa dunia nzima na sijasikia hata siku moja mtu akisema, "Ajabu, wametumia plastiki tu!" Wanasifiwa kwa sababu walipima.

Kipimo ndiyo kazi yenyewe. Twende na mfano ambao unaweza kuujaribu leo jioni ukiwa na rula. Toyota HiAce ya bodi ya kawaida, ile iliyotoka mwaka 2004 na ambayo unaikuta stegi yoyote, ina urefu wa milimita 4695 na upana wa milimita 1695. Kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma ni milimita 2570. Gawanya kwa 24, ambayo ni skeli inayotumiwa sana na waunda vigari duniani. Unapata kigari chenye urefu wa karibu milimita 196, upana wa 71, na umbali wa 107 kati ya ekseli mbili. Sasa tairi. Tairi ya gari hilo, ukiipima kutoka juu hadi chini, inakaribia milimita 700. Gawanya kwa 24, unapata 29. Chukua kizibo cha soda, kile cha bati cha chupa ya kioo, ukipime. Kinacheza karibu na milimita 30.

Umeona? Kizibo cha soda ni gurudumu la HiAce ya skeli ya 1:24, tayari, bila kukatwa. Lakini kiweke kwenye matatu yenye urefu wa sentimita 40 uone: gari litafanana na fahali aliyepewa miguu ya mbuzi. Matatu ya sentimita 40 inataka gurudumu la karibu sentimita 6, yaani kifuniko cha chupa ya jemu. Hiyo ni hesabu ya dakika mbili. Na yule mtoto aliyepigiwa makofi na nchi nzima, akaitwa injinia wa kesho, hakuna aliyempa dakika hizo mbili. Kesho yake ataunda gari jingine lenye miguu ya mbuzi, na mtampigia makofi tena.

Bado kuna unene. Kadibodi ya milimita 3, kwa skeli ya 1:24, ni ukuta wa sentimita 7. Bodi ya gari la kweli ni bati lisilofika milimita moja. Kwa hiyo mtu anayejua kazi hubandua tabaka za kadibodi kwenye kingo za madirisha, au hupiga msasa ukingo mpaka uwe kama karatasi, ili jicho lidhani ukuta wote ni mwembamba hivyo. Pembe za HiAce ni za mviringo. Kadibodi haipendi mviringo. Unaichana mistari midogo kwa ndani, unaikunja polepole, unajaza puti, unasubiri ikauke, unapiga msasa, unajaza tena. Ukiharakisha, rangi itakusema. Rangi ya kupulizia haifichi kosa, hulitangaza.

Hapo bado hatujafika kwenye nganya. HiAce angalau ina vipimo vyake vilivyochapishwa na kampuni. Nganya haina. Inakuja ikiwa chesisi ya lori, kisha mafundi wetu wa bodi wanaijengea mbavu, mabati, madirisha na mkia kwa namna wanayoitaka wao na mwenye gari. Mbili zilizotoka kwa fundi mmoja mwezi mmoja zinaweza kutofautiana. Hakuna mtu Shizuoka atakayekuwekea nganya ya Rongai ndani ya sanduku, vipande vyote vikiwa na nambari na karatasi ya maelekezo. Ukitaka kuiunda, nenda stegi. Simama mbali, katikati kabisa ya ubavu wa gari, upige picha kwa kuivuta ili kioo cha kamera kisiupinde mwili wake. Halafu tumia tairi kama rula: ukishajua kipenyo cha tairi, unachoweza kukikokotoa kutoka kwa namba za saizi zilizoandikwa ubavuni mwake, unahesabu gari lina tairi ngapi kwa urefu, ngapi kwa kimo, dirisha la tatu linaanzia tairi ya ngapi. Makanga atakuuliza kama wewe ni askari wa kanjo. Mjibu kwa heshima, uendelee kuhesabu.

Mtu anayefanya hivyo anachora ramani ya kitu ambacho hakina ramani. Usimwambie ametumia taka.

Kuna jambo jingine ndani ya vipimo hivi, nalo ndilo linaloniuma zaidi. Matatu ni historia ya nchi hii inayotembea kwa magurudumu, na historia hiyo tumeiuza kwa kilo. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitoa amri iliyoziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za uchukuzi wa umma, na tangu hapo kila kizazi kimekuwa na gari lake: Ford kuukuu, Peugeot za masafa, Nissan, HiAce, halafu mabasi ya chesisi ya lori. Magari hayo hayakuwekwa popote. Yalichoka, yakakatwa, yakaenda kwa wauza vyuma. Picha zipo, lakini picha haikuonyeshi upande wa pili wa gari, wala viti vilivyokuwa ndani.

Kigari kilichopimwa kinaonyesha. Chukua Nissan ya Nairobi. Ukihesabu viti ndani ukapata nafasi 18, basi ni gari la kabla ya Februari 2004. Ukipata 14, pamoja na mikanda na mstari wa manjano ubavuni, ni gari lililopita kwenye sheria za John Michuki. Mistari miwili ya rangi na viti vinne vimebeba mabishano ya taifa zima: nani ana haki ya kuketi vizuri, nani atalipa nauli iliyopanda, nani alipoteza kazi. Halafu tazama ubavu wenyewe. Zile picha za wanamuziki na wachezaji mpira zilizofutwa zikarudi ni tarehe nyingine. Muundaji anayeweka mstari wa manjano kwenye gari lenye viti 18 ametoa ushahidi wa uongo. Nitamwambia hivyo mbele ya watu, na akiwa fundi kweli atanishukuru baada ya kunitukana.

Ndiyo sababu kipimo si madoido ya watu wenye nafasi. Kikiwa kweli, kigari kinaweza kumfundisha mtoto wa mwaka 2060 jinsi bibi yake alivyokaa amekunja magoti kutoka Kawangware hadi tauni. Kikiwa cha kukisia tu, kitamfundisha uongo, na hatakuwa na gari la kweli la kulinganisha.

Najua wanaosema haya ni mambo ya watoto. Tena husema kwa upole, jinsi mtu anavyomwambia shangazi yake mgonjwa kwamba anaonekana vizuri. "Ni uraibu mzuri, lakini mtu mzima kweli?" Kwao nina jibu kutoka Marekani, maana najua mfano wa karibu hawataupokea. Mwaka 1930, kitengo cha bodi cha General Motors kilichoitwa Fisher Body kilianzisha shindano la vijana. Mwanzoni waliambiwa waunde gari la kukokotwa na farasi la enzi za Napoleon, kwa kufuata michoro, na waamuzi walikagua kwa ukali kama mchoro umefuatwa. Baadaye, tangu mwaka 1937, waliruhusiwa kubuni magari yao wenyewe na kuyaunda kwa skeli. Washindi walipewa pesa za kusomea chuo kikuu. Shindano lilidumu hadi mwaka 1968. Mmoja wa washindi wa mwaka 1947 aliitwa Chuck Jordan. Mwaka 1986 ndiye aliyekuwa mkuu wa ubunifu wa General Motors nzima.

Sikusifu kampuni hiyo kwa kila kitu. Shindano lilikuwa la wavulana peke yao, na hilo ni kosa ambalo na sisi tunalo mpaka leo: waya anapewa kaka, dada anapewa ufagio. Lakini angalia walichofanya. Hawakupiga makofi wakaondoka. Walitoa mchoro, wakatoa kanuni, wakatuma waamuzi wenye rula, wakamwambia kijana mahali alipokosea, na aliyepatia wakamlipia shule. Walikitazama kigari kwa macho yale yale waliyotazamia gari.

Sisi je? Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 Nyayo Pioneer ikazinduliwa kwa mbwembwe. Tuliliona gari la taifa likitoka juu, kwa amri ya ikulu. Halikuingia sokoni. Wakati huo huo, kila mtaa na kila kijiji kilikuwa na watoto wanaounda magari kutoka chini, bila amri ya mtu, na mama akitoka nje anasema, "Wacha hizo takataka zako uingie ndani usome." Nchi iliyotaka gari ilikuwa ikichapa watengeneza magari.

Leo tunadhani tumerekebisha. Tuna Mtaala wa Umilisi, ulioanza rasmi madarasani mwaka 2019, na kwenye karatasi ni mtaala mzuri: mtoto afanye kwa mikono, aunde, atengeneze. Haya, tuone kinachotokea. Mwalimu anaagiza wanafunzi walete gari lililotengenezwa kwa vitu vinavyopatikana nyumbani. Ujumbe unafika kwa simu ya mzazi saa mbili usiku. Mzazi ametoka kazini amechoka, kwa hiyo anapigia fundi. Fundi naye anazo tano tayari, za kadibodi, zimepakwa rangi, maana biashara ni biashara. Asubuhi mtoto anaingia darasani amebeba kazi ya mwanamume wa miaka thelathini na mitano. Mwalimu anaiona, anajua, anaweka alama ya juu. Nyuma ya darasa kuna mtoto aliyekesha na kigari chake mwenyewe, kimepinda upande, gurudumu moja linagoma. Yeye anapewa alama ya chini.

Nani amefundishwa nini hapo? Wa kwanza amefundishwa kwamba mikono hununuliwa. Wa pili amefundishwa kwamba mikono yake haina thamani. Na wote wawili walikuwa na umri ule ambao mtu hujifunza plaisi kama anavyojifunza lugha.

Mzazi, nakuelewa. Huna muda, na pengine huna hata hizo pesa unazompa fundi. Basi usizitoe. Mwache mtoto apeleke kigari kibaya. Kigari kibaya cha mtoto wa miaka kumi ndicho kigari sahihi. Na wewe mwalimu, kama unataka kumjua aliyeunda, kuna mtihani rahisi kuliko yote: ng'oa gurudumu moja mbele ya darasa, mpe mwenyewe alirudishe. Usipende kung'oa? Basi muulize tu, "Hili likitoka utalirudisha vipi?" Aliyeunda atakuonyesha kabla hujamaliza kuuliza. Aliyenunuliwa atatazama dirishani.

Kwa sababu kurekebisha ndiko kunakomtenga fundi na mnunuzi. Waya hukatika pale ulipokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi. Anayejua hazungushii uzi juu ya kidonda, anaondoa kipande chote, anaweka kipya na kukunja kwa duara badala ya pembe kali, ili kisikatike tena hapo. Gurudumu la slipa hulika tundu la katikati mpaka linayumba. Unalitia bushi ya kipande cha mrija wa kalamu ya biki, ekseli inazungukia ndani yake, na gari linakwenda miezi. Vile vigari vya chuma vinavyotoka kwenye marobota ya mitumba, ambavyo vingine vimeshakosa rangi na ekseli, vinafunguka ukitoboa kwa drili vichwa viwili vya riveti chini ya tumbo. Unaondoa rangi, unanyoosha ekseli, unapaka upya, unafunga kwa skrubu ndogo ili siku nyingine vifunguke bila drili. Kigari kilichokuwa cha mtoto wa Ulaya kinarudi barabarani kikiwa teksi ya Nairobi yenye mstari wake wa manjano. Hayo ni maarifa yale yale yanayoendesha gereji zetu zote, kwa udogo. Anayeyajua akiwa na miaka kumi na miwili hatadanganywa na mekanika akiwa na arobaini.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana ndipo neno taka linapofanya kazi yake chafu. Mteja anakuja, anazunguka nganya ya kadibodi iliyowashwa taa, anapiga picha nane, anamwita mwenzake. Halafu: "Boss, hii ni how much?" Anaambiwa elfu nane. "Elfu nane? Ya kadibodi?" Ndiyo, ya kadibodi. Tuseme kazi hiyo imechukua saa 60, na si nyingi kwa nganya yenye viti ndani. Elfu nane gawanya kwa 60 ni shilingi 133 kwa saa, na hujatoa rangi, gundi, taa, betri na nauli ya kwenda stegi kupima. Ukilipa kwa uzito wa kadibodi, basi nunua kadibodi. Iko sokoni, bei nafuu, haina taa.

Mteja huyo huyo angeikuta kazi hiyo kwenye duka la watalii angelipa mara mbili bila kubisha, maana hapo kuna kikaratasi. Nimevisoma vikaratasi hivyo. Huandika kwamba kazi imetengenezwa kwa taka zilizookotwa mitaani, na jina la aliyetengeneza hamna. Nganya yenyewe ina jina ubavuni. Dereva ana jina, makanga ana jina, mchoraji wa rangi za ubavuni huacha saini yake pembeni kama ana akili. Aliyeunda nganya ndogo, akahesabu mpaka misumari ya mlango, anaitwa "msanii wa mtaani." Taka imepewa jina kuliko mtu.

Na hapa niwageukie wenzangu, maana lawama si ya wateja peke yao. Tumeizoea sifa hii kwa sababu ni rahisi. Mwandishi wa habari akija na kamera, tunamwambia tuliokota hiki jalalani na kile kando ya mto, hata kama plastiki ile tumeinunua kwa watengeneza mabango kwa pesa taslimu. Tunajua huruma inauza. Lakini anayekununua kwa huruma hatarudi mara ya pili, na akirudi atataka bei ya huruma. Mwambie ukweli: nilinunua plastiki, nilipima gari, nilikosea paa mara mbili, hii ni ya tatu. Andika skeli chini ya tumbo la kila kigari. Andika ni gari gani, ruti gani, mwaka gani. Andika jina lako. Asiyeandika skeli anaficha kwamba hakupima.

Wapo watakaoniambia kwamba sanaa haifungwi na rula. Kwamba mtu ana haki ya kuunda matatu yenye macho makubwa, tumbo nene na tairi za kuchekesha, na kwamba watoto wa waya hawakuwahi kuhitaji kugawanya kwa 24 ili wafurahi. Kweli kabisa. Furaha haitaki ruhusa yangu. Lakini kuikuza tairi kwa makusudi na kuikosea ni mambo mawili tofauti, na jicho lililozoea huyatofautisha haraka. Mchora katuni mzuri anajua pua ya mtu ilivyo kabla hajaivuta. Wala watoto wa waya hawakuwa wajinga wa vipimo mnavyodhani. Mwenye lori refu alijua halitapinda kona kama la jirani, akafupisha. Mwenye usukani mfupi aliumwa mgongo, akaurefusha. Walipima kwa mwili. Kinachokosekana ni mtu mzima wa kuchuchumaa kando yao na kuwaambia kwamba walichokifanya kina jina na hesabu, na kwamba kinaweza kufanywa vizuri zaidi.

Kwa hiyo siku nyingine ukikutana na kigari, kiwe cha waya barabarani au cha kadibodi chenye taa na muziki, acha kwanza simu mfukoni. Chuchumaa mpaka macho yako yafike usawa wa kioo cha mbele. Tazama magurudumu yote manne yanagusa chini au moja linaelea. Tazama ekseli ziko mahali pake. Uliza ni gari gani, la mwaka gani, kwa skeli gani. Uliza ni sehemu gani iliyomsumbua. Kama kuna kosa, litaje kwa adabu. Kama bei iko juu ya uwezo wako, sema huna, usiseme ni kadibodi. Na ukitaka kusifu, sifu kitu kimoja unachoweza kukinyooshea kidole: pembe ile, dirisha lile, mlango unaofunguka.

Sifa ya namna hiyo tutaipokea. Hiyo nyingine, ya taka, kaeni nayo.